Riali ina baisa elfu, si mia

Nyinyi mlioko Maskati hamhitaji kuambiwa kwamba riali moja ni baisa elfu. Huku Toronto wengi hawalijui hilo, na kompyuta nayo haijui mpaka iambiwe.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alitengeneza ukurasa wa intaneti wa michango ya ukoo, kwa matibabu ya mzee wetu aliyeko Unguja. Halati yake wa Maskati alitoa riali 12.500, yaani kumi na mbili na nusu. Ukurasa ukaonyesha riali 125.00. Simu hazikukatika siku ile! Wa kwanza walimsifu. Kisha mmoja akauliza mbona zilizofika ni chache kuliko zilizoandikwa. Kwa mwanamke mwenye heshima zake, swali kama hilo si dogo.

Kijana hakuwa mzembe. Alihifadhi fedha kwa namba nzima za kipimo kidogo kabisa, na ndivyo inavyotakiwa, maana kompyuta ina matatizo na desimali: iulize JavaScript 0.1 kujumlisha 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Basi mchango wa halati ulikaa kama baisa 12,500, sawasawa. Kosa lilikuja wakati wa kuonyesha: kila fedha aliigawa kwa mia, kama senti za dola ya Kanada.

Orodha ya kimataifa ya ISO 4217 inaeleza kila fedha ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Oman, Kuwait na Bahrain ni tatu. Dirhamu ya Imarati na riyali za Saudia na Qatar ni mbili. Yeni ya Japani haina hata moja. JavaScript ina kifaa chake, Intl.NumberFormat, ukikipa alama ya OMR, chenyewe kinaandika tarakimu tatu. Lakini kugawa kwa elfu ni kazi yako, hakikufanyii.

Tena kuna suala la lugha. Hapa hapa Kanada, Kiingereza huandika $1,234.50, Kifaransa 1 234,50 $. Kifaa hicho hufuata lugha utakayokitajia.

Nilipokuwa nikisomesha, jibu lisilo na kipimo nililikata maksi. Kwenye ukurasa wa ukoo uliotawanyika kama wetu, "Sh 50,000" ni ya Tanzania, Kenya au Uganda? Mjukuu sasa anaandika TZS, KES au UGX kila mahali.