Alama Ndogo, Mauzo Makubwa: Mfanyabiashara Anapobisha Hodi Harvard

Shule ya biashara ya Harvard haijaweka alama ya chini ambayo mwombaji asipoifikia anakatwa. Stanford nayo ni hivyo hivyo. Habari hiyo imewapa moyo vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliomaliza chuo kwa GPA ya kusuasua, huku tayari wana biashara inayolipa watu mishahara. Bahati mbaya wengi huielewa vibaya. Alama zinahesabiwa sana. Kilichopo ni kwamba hazichujwi na mashine: zitasomwa na mtu, somo kwa somo, na mtu huyo atataka kujua nini kilitokea.

Ushindani wenyewe ni mkali. Harvard huingiza wanafunzi wa MBA wapatao 930 kwa mwaka kutoka kwa waombaji zaidi ya 8,000. Stanford huchukua kama 430, na waombaji wake huzidi 6,000. Wastani wa alama za shahada ya kwanza za wanaoingia Harvard ni karibu 3.7 katika 4.0. Mtanzania mwenye GPA ya 2.9 katika 5.0, au Mkenya aliyepata daraja la pili la chini, anaanzia mbali.

Kwa nini shule inayofundisha biashara ijali alama za mtu ambaye tayari anafanya biashara? Sababu ya kwanza ni ya darasani. Mwaka wa kwanza wa MBA umejaa uhasibu, fedha, takwimu na uchumi, na mwendo wake hausubiri mtu. Shule inataka kuhakikisha kwamba inayempa kiti hatazama. Sababu ya pili haisemwi kwa sauti: orodha za ubora. U.S. News ya Marekani, inapozipanga shule za biashara, huhesabu pia wastani wa GPA na wa alama za mitihani ya kuingilia, GMAT au GRE, za wanafunzi wapya. Kila anayeingia na alama ndogo anaushusha wastani huo, hata kama anaendesha kampuni nzuri. Orodha ya Financial Times ya London, inayotoka tangu 1999, haiangalii GPA. Uzito wake mkubwa uko kwenye mishahara ya wahitimu miaka mitatu baada ya kumaliza. Kwa hiyo shule za Ulaya zina sababu moja pungufu ya kuiogopa transkripti mbovu, ingawa Oxford kwa kawaida bado hutaka daraja la pili la juu.

Kosa la mapema kabisa la waombaji wa kwetu ni kuzigeuza alama wenyewe. Mtu anachukua 3.1 yake ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaipigia hesabu ya kupeleka kwenye nne, anapata 2.48, anaiandika kwenye fomu. Hakuna aliyemwagiza. Harvard na shule nyingi za aina yake hutaka alama ziandikwe kama zilivyo kwenye transkripti, pamoja na kipimo chake. Wasomaji wa maombi wanajua kwamba katika vyuo vyetu daraja la kwanza huanzia 4.4 na kwamba wanaolifikia ni wachache. Ukijigeuzia alama, unawafichia ukweli unaokusaidia.

Wanachokitafuta kwenye transkripti ni mwelekeo. Aliyechukua sapu (mitihani ya marudio) mbili mwaka wa kwanza kisha akamaliza na B+ mfululizo ana habari tofauti na aliyeanza vizuri akaporomoka. Na masomo hayalingani uzito. Kufeli falsafa ya maendeleo si sawa na kufeli takwimu. Kama uliporomoka kwa sababu boom, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa ukalazimika kuuza vocha na chakula hosteli ili ule, liseme hilo kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, kwa sentensi nne au tano, bila kulia na bila kumlaumu mhadhiri. Maelezo ya ukurasa mzima yanaonyesha jeraha ambalo bado halijapona.

Baada ya hapo ni mtihani. GMAT iliyobadilishwa mwishoni mwa 2023 ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na uchambuzi wa data. Alama zake hutoka 205 hadi 805, na 645 za sasa hulingana takriban na 700 za mtihani wa zamani. Mtu anaweza kuufanyia kituoni au nyumbani kwa kompyuta yake, akaona alama kwanza, kisha akaamua kuzituma au la. Alama hudumu miaka mitano. Kwa mwenye GPA dhaifu, huu ndio ushahidi wa bei nafuu kuliko wote, na nashangaa ni wangapi huuchukulia kama utaratibu wa kupita tu. Mwenye daraja la kwanza anaweza kusamehewa GMAT ya wastani. Mwenye daraja la pili la chini hana nafasi hiyo: transkripti yake inasema hesabu ni tatizo, na mtihani ukisema vivyo hivyo, mashahidi wawili wamekubaliana.

Kuna njia nyingine ya kujijengea rekodi mpya ya masomo. Harvard yenyewe inauza kozi ya mtandaoni iitwayo CORe, tangu 2014, yenye uhasibu, uchumi wa mameneja na uchambuzi wa takwimu za biashara. Huko MIT kuna mpango uliokwenda mbali zaidi: kozi za mtandaoni za data, uchumi na sera za maendeleo, zilizojengwa na kundi la Esther Duflo na Abhijit Banerjee, washindi wa Nobel ya uchumi ya 2019. Anayefaulu kozi hizo na mitihani yake anaruhusiwa kuomba shahada ya uzamili ya MIT hata kama hana shahada ya kwanza, na ada ya mitihani hupangwa kwa kuangalia kipato cha mtu. Si MBA, lakini mhitimu wa chuo cha Morogoro au Eldoret mwenye alama mbaya na kichwa kizuri anapaswa kuijua.

Sasa biashara yenyewe. Hapa ndipo waombaji wa Afrika Mashariki wana utajiri mkubwa na hapa ndipo wanaupoteza. Mtu ameagiza mzigo Guangzhou kwa kuchangia kontena na wenzake, ameuuza Kariakoo kwa jumla, amepambana na dola iliyopanda kati ya siku ya kulipia na siku ya mzigo kufika bandarini, amekopesha wateja wa Mbeya na Songea na kujua nani atalipa na nani atazima simu. Hiyo ni elimu ya fedha za kigeni, ya ugavi na ya mikopo. Akifika kwenye fomu anaandika kwamba yeye ni mjasiriamali mwenye shauku anayependa kuleta mabadiliko katika jamii.

Msomaji aliyekaa Boston hajawahi kufika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Anahitaji namba: mauzo ya mwaka wa kwanza na ya mwaka jana, kwa shilingi na kwa dola, faida baada ya kodi ya fremu na mishahara, wafanyakazi wangapi, wateja wangapi walirudi. Anahitaji pia kuelezwa uwanja: kwamba benki zilitaka dhamana ya nyumba usiyokuwa nayo, kwamba mtaji ulitoka kwenye kikoba au chama, kwamba hukuwahi kupata mwekezaji na bado biashara ilikua maradufu. Kwa shule iliyozoea kuona vijana waliopewa mamilioni ya dola na wawekezaji wa California, mtu aliyekuza biashara kwa faida yake mwenyewe ni kitu cha nadra. Lakini lazima kielezwe.

Wahenga wa madukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ndilo tatizo. Biashara nyingi za vijana wetu ziko kwenye taarifa za M-Pesa, kwenye WhatsApp na kichwani mwa mwenye duka. Shule nyingi za juu hukagua habari za waliokubaliwa, nyingine kwa kutumia kampuni za nje zinazowapigia simu waajiri na kudai nyaraka, na udanganyifu ukionekana nafasi hufutwa. Kwa hiyo usajili wa kampuni BRELA, risiti za mashine za EFD na mahesabu yaliyokaguliwa si mambo ya afisa kodi peke yake. Mfanyabiashara aliyeitangazia mamlaka ya mapato, TRA, mauzo ya milioni 40 hawezi kuiandikia shule milioni 400. Atalazimika kuchagua ni nani anamwambia ukweli. Kwa walioko Kenya ni vilevile na KRA. Ninaamini hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapofia, miaka kadhaa kabla ya kuandikwa.

Barua za mapendekezo ni tabu nyingine ya mtu asiye na bosi. Mjomba aliyetoa mtaji hafai, hata kama anakujua kuliko wote. Anayefaa ni mteja mkubwa aliyeona ulivyorudisha fedha zake mzigo ulipochelewa, meneja wa benki aliyeukataa mkopo wako mara ya kwanza na kuutoa mara ya pili, au msambazaji wa bidhaa anayekukopesha. Kwa biashara ya familia swali huwa jingine: wewe ulibadilisha nini? Aliyekuta maduka mawili na kuacha mawili, hata kama mauzo ni ya mabilioni, hajaonyesha uongozi.

Na biashara iliyokufa isifichwe. Aliyefunga kampuni ya utalii mwaka 2020 watalii walipokauka, akalipa wafanyakazi wake stahili zao na kuwamaliza wadai, ana hadithi ambayo mwenye GPA ya 4.8 hana.

Swali gumu la usaili ni hili: kama biashara inakwenda, unaondoka kwa nini? Jibu la kutafuta ujuzi na mtandao wa watu halimtoshi mtu yeyote. Jibu hutoka kwenye biashara yenyewe: umefika kikomo gani, na darasani kuna nini cha kukivusha? Kuna mifano ya biashara zilizopita darasani iliyotufikia hadi hapa kwetu. Xavier Helgesen alikuwa tayari ameanzisha kampuni ya kuuza vitabu, Better World Books, alipokwenda kusoma MBA Oxford. Huko alikutana na wenzake, na kampuni yao ya umeme wa jua, Off Grid Electric, ikaanzia Arusha. Baadaye ikaitwa Zola. Sanergy, iliyoanza kwa kujenga vyoo katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ilizaliwa miongoni mwa wanafunzi wa MIT Sloan na kushinda shindano la biashara la MIT mwaka 2011. Watu hao hawakutoka Tandale wala Mathare, na hilo linaniuma. Wazo la kuwauzia Waafrika umeme na vyoo lilipita darasani Ulaya na Marekani kabla ya kurudi na mtaji. Waliokulia kwenye giza na mifereji ile ndio wanaopaswa kukaa kwenye viti vile.

Gharama zinatisha. Ada peke yake Harvard ni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili. Harvard husaidia kwa kuangalia uwezo wa mtu. Oxford ina ufadhili wa Skoll kwa wajasiriamali wa kijamii, na MBA yake ni ya mwaka mmoja. Prodigy Finance hukopesha wanafunzi wa nje bila mdhamini, kwa riba ambayo mwenye duka anapaswa kuipigia hesabu kwa shilingi kabla ya kusaini. Juu ya hayo kuna gharama isiyoandikwa popote: nani atasimamia biashara? Miaka miwili inatosha kuua duka la jumla. Na kuna soko zima la washauri wa maombi wanaotoza maelfu ya dola. Mshauri mzuri hukuuliza maswali. Anayekuandikia insha anakuuzia hatari, kwa sababu usaili utafichua kwamba aliyeandika si wewe.

Kwa wenye biashara wengi, mlango unaofaa ni mwingine. Mpango wa Seed wa Stanford, uliofunguliwa kwa msaada wa dola milioni 150 wa familia ya King, ulianza Ghana mwaka 2013 na una kituo Nairobi. Unachukua wamiliki wa kampuni zinazokua na kuwafundisha wakiwa bado kazini, na kinachopimwa ni kampuni. Harvard ina programu ya wamiliki wa kampuni kubwa isiyodai shahada yoyote. Strathmore ya Nairobi, ESAMI ya Arusha na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinafundisha watu wanaolala nyumbani kwao. Na kwa mhitimu ambaye GPA yake haimruhusu kuingia uzamili hapa Tanzania, stashahada ya uzamili ya IFM au Mzumbe, ikipatikana kwa alama nzuri, hufungua njia na kuwa ushahidi mpya hata kwa vyuo vya nje.

Awamu ya kwanza ya maombi katika shule hizi hufungwa Septemba, ya pili Januari. Mwenye alama dhaifu ambaye hajafanya GMAT wala hajakaguliwa mahesabu asikimbilie ya mwaka huu. Atafute mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, au na ICPAK kwa Kenya, afunge hesabu za mwaka mzima kwa ukweli, afanye mtihani mara mbili ikibidi, kisha aombe mwaka unaofuata. Hesabu hizo zitamfaa hata shule zote zikimkataa, maana benki nayo itazitaka.