Machicha ya Wazee Waliokufa

Siku moja, katika China ya kale, Mtawala Huan wa nchi ya Qi alikuwa ameketi barazani anasoma kitabu. Chini uani, mzee Bian alikuwa anachonga gurudumu. Mzee akamsikia bwana wake akisoma kwa sauti, akaweka chini nyundo na patasi, akapanda ngazi hadi juu na kumwuliza kitabu kile kilikuwa na maneno ya nani. Mtawala akajibu kwamba ni maneno ya watu wenye hekima. Mzee akataka kujua kama watu hao bado wako hai. La, walikwisha kufa zamani.

Basi, akasema mzee, anachokisoma bwana ni machicha tu. Tui lenyewe wamekwenda nalo kaburini.

Hebu fikirini, wajukuu zangu! Fundi wa magurudumu anamwambia mtawala hivyo, tena bila kuitwa. Mtawala akawaka. Akamwambia ajieleze vizuri, la sivyo atakatwa kichwa. Mzee Bian hakubabaika. Akasema yeye anazungumzia kazi anayoijua. Ukiipiga patasi polepole mno, inateleza na haishiki mti. Ukiipiga kwa haraka mno, inakwama na haisogei. Kuna kipimo katikati ambacho mkono unakijua na moyo unakikubali, lakini mdomo hauwezi kukisema. Hata mwanawe mwenyewe alishindwa kumfundisha. Ndiyo maana ana miaka 70 na bado anachonga magurudumu. Na wale wenye hekima wa kale, je, wao hawakufa na kile wasichoweza kukisema?

Hadithi inakatika hapo. Haisemi mtawala alijibu nini, wala kama mzee alirudi uani akiwa na kichwa chake. Ujanja wake ni kwamba hadithi hii inayosema vitabu ni machicha imo ndani ya kitabu. Kitabu hicho kinaitwa Zhuangzi, na pamoja na kingine kiitwacho Daodejing, ndicho msingi wa mafundisho ya Utao.

Zhuangzi alikuwa mtu wa karne ya 4 KK, na jina lake kamili ni Zhuang Zhou. Alikuwa na kazi ndogo serikalini, na inasimuliwa kwamba alikataa kubwa. Mfalme wa nchi ya Chu alituma wajumbe wamwombe awe waziri, wakamkuta anavua samaki. Hata hakugeuza shingo. Akawauliza juu ya kobe mtakatifu aliyekufa miaka elfu nyingi nyuma, ambaye gamba lake limehifadhiwa na mfalme hekaluni, limefungwa kwa kitambaa kizuri. Kama kobe huyo angeulizwa, angechagua kuwa gamba linaloheshimiwa, au kuwa hai anaburuta mkia wake topeni? Wajumbe wakakiri kwamba angechagua tope. Zhuangzi akawaambia waende zao, naye ana tope lake.

Kitabu chenye jina lake kina sura 33, kama kilivyopangwa na msomi Guo Xiang, aliyefariki mwaka 312. Wataalamu wengi wanaamini kimeandikwa na mikono mingi, na kwamba sura saba za mwanzo ndizo zilizo karibu zaidi na Zhuangzi mwenyewe.

Sasa, wengi wenu mtakutana na mzee Bian kwa Kiingereza, kwa sababu tafsiri za Kiingereza ndizo zilizojaa kwenye maktaba na kwenye simu. Mtoto mwerevu atauliza: ikiwa Kichina chenyewe ni machicha, Kiingereza kitakuwa nini? Machicha yaliyokamuliwa mara ya pili? Nami namjibu kwamba aliyewahi kupika mchuzi wa nazi anajua tui la pili halitupwi, ndilo linaloanza kuingia chunguni. Lakini ni vizuri kuujua mkono uliokamua.

Mkono wa kwanza wa kuujua ni wa James Legge. Alizaliwa Scotland mwaka 1815, akawa mmisionari, akaishi Hong Kong miaka mingi. Mwaka 1876 akawa profesa wa kwanza wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Oxford. Tafsiri yake ya vitabu vya Utao ilitoka mwaka 1891 katika majuzuu mawili. Legge alikuwa mtu mwaminifu mno, hata akawa mzito. Kila mahali Kichina kilipokuwa kifupi, aliongeza maneno yake ili msomaji asipotee, kisha akayatia kwenye mabano ili asije akadanganya mtu. Ukimsoma, unajikwaa kwenye mabano kila hatua.

Herbert Giles alikuwa tofauti. Yeye alikuwa afisa wa ubalozi wa Uingereza nchini China, mtu wa ulimi mkali, na Zhuangzi wake wa mwaka 1889 ana maringo ya mabwana wa London wa zama zile. Oscar Wilde, mwandishi aliyependa mizaha, alikisoma kitabu hicho akakiandikia makala mwaka 1890. Haishangazi. Wachekeshaji wawili walikutana, ingawa miaka elfu mbili na zaidi iliwatenganisha.

Kisha akaja Arthur Waley, aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Alijifundisha Kichina na Kijapani, akatafsiri Daodejing mwaka 1934, na maisha yake yote hakukanyaga bara la Asia. Na baada yake Burton Watson, Mmarekani aliyeishi Japani miaka mingi. Zhuangzi wake kamili wa mwaka 1968 anazungumza kama mtu wa kawaida, anachekesha bila kujua kwamba anachekesha. Kama mtu ataniuliza aanze na nani, namwambia aanze na Watson. Legge amsome baadaye, akishakuwa na subira.

Msidhani ninamdharau Legge. Lakini kila ninapoyaona mabano yake, naikumbuka hadithi inayofunga sura saba za mwanzo za Zhuangzi. Kulikuwa na mfalme wa bahari ya kusini, aliyeitwa Shu, na mfalme wa bahari ya kaskazini, aliyeitwa Hu. Walizoea kukutana katikati, katika nchi ya mfalme Hundun, naye aliwakirimu vizuri sana. Wakashauriana namna ya kulipa fadhila. Hundun alikuwa na kasoro moja, au wao waliiona kasoro: hakuwa na macho, wala masikio, wala pua, wala mdomo. Watu wote wana matundu saba ya kuonea, kusikilizia, kulia na kupumulia, ila maskini Hundun hana hata moja. Wakachukua kekee, wakamtoboa tundu moja kila siku. Siku ya saba, Hundun akafa.

Basi. Zhuangzi hakuongeza neno. Hakusema Hundun ni nani wala wale wafalme ni mfano wa nini. Sasa mwalimu akija na maelezo yake, na mfasiri na tanbihi zake, na mimi na domo langu hili, wote tumeshika kekee. Kwa hiyo nitanyamaza hapo.

Kuna watu watakaowaambia kwamba Utao ni mafundisho ya kukaa bure na kuiacha dunia iende itakavyo. Hao waulizeni kama wamewahi kumsikia mpishi Ding.

Ding alikuwa anamchinjia na kumkatia ng'ombe Bwana Wenhui. Mkono ulikwenda, bega likainama, goti likasukuma, kisu kikaimba, na yote yakaenda kwa mwendo mmoja kama ngoma. Bwana akashangaa kwamba ufundi unaweza kufika hapo. Ding akaweka kisu chini. Akaeleza kwamba alipoanza kazi alimwona ng'ombe mzima mbele yake, kama sisi sote tunavyomwona. Baada ya miaka mitatu hakumwona tena ng'ombe mzima. Siku hizi hata macho hayatumii, anakutana na ng'ombe kwa roho yake. Mpishi wa kawaida hubadili kisu kila mwezi, kwa sababu anapasua mifupa. Mpishi hodari hubadili kila mwaka, kwa sababu anakata nyama. Kisu cha Ding kilikuwa na miaka 19, kimepita katika ng'ombe maelfu, na makali yake yalikuwa kama yametoka kwenye kinoo asubuhi ile. Kati ya viungo kuna nafasi, alisema, na makali ya kisu hayana unene. Kitu kisicho na unene kikiingia kwenye nafasi, kinapata uwanja wa kucheza.

Watu wengi wakisimulia hadithi hii huishia hapo, nami nawalaumu kwa hilo, kwa sababu sehemu nzuri zaidi inafuata. Ding anakiri kwamba hata yeye, akifika mahali ambapo mishipa na mifupa imeshikana vibaya, anaogopa. Anasimama. Anakaza macho. Anakwenda polepole kabisa, kisu kikisogea kidogo tu, hadi ghafla nyama inaachia na kuanguka kama bonge la udongo. Halafu anasimama na kisu mkononi, anatazama huku na huku, ameridhika, anakifuta na kukiweka.

Mwoneni huyo, kisha mniambie kama alikuwa amekaa bure! Na tazameni jinsi hadithi hii ilivyosafiri salama. Msome Legge, msome Giles, msome Watson: maneno yatatofautiana, lakini kisu ni kilekile na ng'ombe yuleyule. Ndiyo sababu nawaambia vijana waingie katika Utao kwa mlango wa Zhuangzi.

Daodejing ni mlango mwembamba zaidi. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika yapata miaka 100 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Laozi alikuwa mtunza nyaraka katika makao ya wafalme wa Zhou. Alipoona dola inaoza, akafunga safari. Alipofika kwenye lango la mpakani, mlinzi Yin Xi akamwomba aache maandishi kabla ya kutoweka. Laozi akaandika maneno kama 5,000, akaenda zake, na hakuna aliyejua mwisho wake. Sima Qian mwenyewe hakuwa na hakika Laozi alikuwa nani hasa.

Maneno 5,000 ni machache sana, na yamegawanywa katika sura 81. Hakuna hadithi ya mpishi humo, wala ya kobe wala ya fundi. Kuna mafumbo mafupi, yaliyokatwa hadi mfupani, na kila mfasiri analazimika kuchagua. Ndiyo maana ukifungua tafsiri mbili za sura moja unaweza kudhani ni vitabu viwili tofauti. Hata mpangilio wake si jambo lililokwisha. Mwaka 1973, huko Mawangdui, mjini Changsha, kaburi lililofungwa mwaka 168 KK lilifunguliwa, na humo zikapatikana nakala mbili za kitabu hicho kwenye hariri. Nusu tuliyoizoea kuwa ya pili ilikuwa imetangulia. Mwaka 1993, huko Guodian, vikapatikana vipande vya mianzi vya takriban mwaka 300 KK vikiwa na sehemu tu ya kitabu, kwa mpangilio mwingine kabisa.

Zipo pia tafsiri za Kiingereza za watu wasiojua Kichina. Msishtuke. Thomas Merton, mtawa Mkatoliki wa Kentucky, alitoa Zhuangzi wake mwaka 1965 kwa kulinganisha tafsiri za wengine, na alisema wazi kwamba hajui lugha hiyo. Ursula K. Le Guin, mtunzi wa hadithi za kubuni, alifanya hivyo kwa Daodejing mwaka 1997, akitumia nakala ya zamani iliyokuwa ya baba yake, yenye herufi za Kichina na maana zake moja moja. Vitabu vyote viwili ni vizuri, na vimeandikwa na watu waliokaa na mafundisho haya kwa muda mrefu. Asiyefaa ni yule asiyejua Kichina na asiyekuambia. Kwa hiyo someni utangulizi kabla ya sura ya kwanza, muone mwandishi anasema alifanyaje kazi yake.

Jambo dogo lisiwasumbue: Tao na Dao ni kitu kimoja, Lao Tzu na Laozi ni mtu mmoja, na Chuang Tzu ndiye Zhuangzi. Vitabu vingi vya zamani vinafuata tahajia iliyokamilishwa na Giles, yuleyule wa ulimi mkali. Vipya vinafuata ile iliyopitishwa na serikali ya China mwaka 1958. Na msidhani vitabu viwili hivi ndio Utao wote. Utao ni dini yenye mahekalu na makuhani hadi leo, na mkusanyo wake mkubwa uliochapishwa mwaka 1445 una vitabu zaidi ya elfu moja. Vingi havijaonekana kwa Kiingereza.

Sasa ya mwisho. Zhuangzi alikuwa na rafiki, Huizi, bingwa wa mabishano. Siku moja walikuwa wanatembea kwenye daraja la mto Hao. Zhuangzi akawatazama samaki wakiogelea, akasema wale wana furaha. Huizi akamrukia: wewe si samaki, umejuaje? Zhuangzi akamrudishia: nawe si mimi, umejuaje kwamba sijui? Huizi akafurahi, maana mtego ulikuwa umenasa. Sawa, mimi si wewe, kwa hiyo sijui yaliyo moyoni mwako. Nawe si samaki, kwa hiyo hujui yaliyo moyoni mwao. Kwisha! Zhuangzi akamwambia warudi mwanzo. Huizi aliuliza amejuaje, maana yake alikuwa amekubali kwamba anajua. Na jibu ni kwamba amejulia hapahapa, darajani.

Mimi naona Huizi ndiye aliyeshinda, na Zhuangzi alimponyoka kwa utelezi tu. Wapo wanaonicheka nikisema hivyo. Lakini Huizi alipokufa, Zhuangzi alipita kaburini kwake akasema hana tena mtu wa kuzungumza naye, na hayo si maneno ya mtu aliyemdharau mpinzani wake.

Basi kisomeni kitabu cha Zhuangzi wawili wawili, kila mmoja na tafsiri yake, na mkifika kwenye daraja la Hao mgawane: mmoja awe Zhuangzi, mwingine Huizi. Na aliye Huizi asimwachie mwenzake kirahisi.