Panya na Motokaa za Kale katika Matuga

Katika Matuga, kama katika sehemu nyingi za pwani ya kusini, si ajabu kukuta nyuma ya nyumba banda la makuti, na ndani yake motokaa iliyofunikwa turubali. Huenda ikawa Peugeot 404 au Volkswagen ya mzee aliyekwisha kufariki. Mwanawe yuko Mombasa, Nairobi au Arabuni kwa kazi. Hana nafasi ya kuiendesha, wala moyo wake haumruhusu kuiuza. Basi huifunga, akampa ndugu ufunguo, akaondoka akiamini kwamba ataikuta kama alivyoiacha.

Magari ya namna hiyo yana heshima yake. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, njia za Afrika Mashariki zilikuwa vumbi na matope, na gari lililozishinda lilipata sifa kila kijiji. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Tangu 2003 yako hata mashindano ya Safari yaliyowekwa kwa ajili ya magari ya kale peke yake. Kwa hiyo aliye na gari kama hilo ana mali, na mali yenyewe spea zake ni adimu.

Watu wa pwani huogopa kutu, na ni haki yao, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi. Lakini kutu huonekana na huenda polepole. Panya haonekani, naye kwa wiki chache aweza kuharibu kazi ambayo fundi ataifanya kwa miezi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, hana budi kuyapunguza kwa kutafuna. Nyaya za gari la zamani zilifunikwa mpira, na nyingine kitambaa cha pamba juu yake. Panya huzichuna zikabaki tupu. Siku mwenye gari atakapofunga betri na kuzungusha ufunguo, waya mbili tupu zikigusana, moto waweza kuzuka.

Viti navyo ni karamu. Magari mengi ya miaka hiyo, Volkswagen mojawapo, viti vyake vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizotiwa mpira. Mkulima wa Matuga ajuaye jinsi panya apendavyo rundo la makumbi uani hatahitaji maelezo zaidi. Humo ndimo azaliapo. Mkojo wake nao hula bati na kuacha harufu isiyotoka upesi, na mahali panya walipo, nyoka huwafuata. Swila aliyejikunja chini ya kiti si jambo la mzaha.

Wako panya wa namna mbili wa kuogopwa hapa. Mmoja ni yule mweusi wa darini, mpandaji hodari, aishiye katika makuti na vilele vya minazi. Wa pili ni panya wa shambani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi: mimba yake ni wiki tatu na siku chache tu, naye huweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mara moja. Mvua zikiwa njema huongezeka sana, na mahindi yakisha kuvunwa, shamba likabaki tupu, hutafuta chakula na maficho majumbani. Afungaye gari lake baada ya mavuno na alifunge akijua hivyo.

Ulinzi wenyewe si mgeni kwa mkulima. Mabwana Shamba wamefundisha kwa miaka mingi kwamba ghala la mahindi liinuliwe juu ya miguu yapata futi tatu, na kila mguu uvikwe kofia ya bati ili panya asipite. Wengine wamedhani gari likiwekwa juu ya stendi zenye mabati litasalimika vivyo hivyo. Hilo halitoshi, kwa kuwa panya mkubwa huruka zaidi ya futi mbili, na gari halikai juu kiasi hicho. La kuiga katika ghala ni ile kanuni ya kumnyima njia, chakula na maficho.

Banda la sakafu ya saruji ndilo bora. Mlango upigwe bati chini, na madirisha yawekwe wavu wa waya wenye matundu ya robo inchi, maana panya mdogo hupita penye tundu lisilozidi unene wa penseli. Asiye na banda kama hilo aweke gari mbali na kuta, na kulizunguka afyeke hatua tano au sita pawe peupe: pasiwe na kuni, makumbi, gunia la mahindi, wala chakula cha kuku. Ndani ya gari pafagiliwe mpaka punje ya mwisho. Karanga moja chini ya zulia ni mwaliko. Bomba la moshi na mdomo wa chujio la hewa vizibwe kwa wavu, na kitambaa chekundu kifungwe kwenye usukani ili asisahau mtu kuvitoa. Betri iondolewe. Boneti iachwe wazi, kwa kuwa panya hupenda giza. Turubali la nailoni halifai, hufungia unyevu. Shuka nene la pamba ni afadhali.

Mitego iwekwe kandokando ya ukuta, kwa maana panya hapiti katikati ya uwanja. Chambo cha nazi iliyochomwa au dagaa humvuta vizuri. Sumu ni jambo jingine. Panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya dashibodi, na paka au bundi amlaye hufa naye. Bundi hasemwi vyema katika vijiji vyetu, lakini ni mwindaji wa panya usiku kucha bila mshahara. Nafthalini haitegemewi: katika banda lenye hewa huyeyuka ikaisha, na harufu yake hubaki vitini. Mafuta ya taa yasinyunyizwe kamwe karibu na gari.

Lakini hakuna dawa ipitayo macho ya mtu. Ndugu aliyepewa ufunguo afungue banda kila wiki, atazame vinyesi, majani yaliyokokotwa na mitego iliyofyatuka.

Na siku ya kulitoa gari, mwenyewe asikimbilie ufunguo. Afungue milango, aache hewa ipite nusu saa, ajifunge kitambaa puani. Vinyesi visifagiliwe vikavu, kwa kuwa vumbi lake lina maradhi. Vimwagiwe kwanza maji yenye dawa ya klorini, ndipo vifutwe kwa mikono yenye glavu. Kisha afuate kila waya kwa mkono toka mbele hata nyuma, ainue viti, akague mipira ya petroli na ya breki. Betri irudishwe mwisho, na ndoo ya mchanga iwe karibu.