UPIMAJI WA ARDHI: HADHARI KWA WANUNUZI WA VIWANJA KIBAHA NA KISARAWE

Wapo wananchi wa Visiwani, wakiwemo watumishi wa Serikali wanaokaribia kustaafu, ambao hununua ardhi katika Wilaya za Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Kibaha iko kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, na Kisarawe inapakana na jiji hilo. Inafaa ifahamike kwamba ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar inatumia Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ambapo Bara zinatumika Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999. Mnunuzi anayezoea taratibu za huku asidhani kuwa zinamtosha kule.

Mashamba mengi ya pande hizo huuzwa kwa hatua za miguu, na ekari moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa 70. Lakini hatua za watu hazilingani. Akipima mtu mwenye hatua ya sentimita 90, eneo hilo huwa mita za mraba 3,969. Akipima mwenye hatua ya sentimita 75, huwa mita za mraba 2,756 tu. Mnunuzi aliyelipa bei moja huweza kupungukiwa zaidi ya mita za mraba 1,200, nafasi ya kujenga nyumba na zaidi. Aidha, mpaka unaotajwa kwa mkorosho au mwembe hupotea siku mti unapokatwa, na mashahidi nao hufariki.

Upimaji huondoa shaka hiyo. Mpima mwenye leseni huonyeshwa mipaka mbele ya majirani na viongozi wa mahali, husimika mawe ya mipaka kwa kufuata mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, kisha huandaa ramani ambayo huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Tangu hapo kiwanja huwa na namba yake na ukubwa unaojulikana, na jiwe likiondolewa huweza kurudishwa mahali pake.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Kuuliza ofisi ya ardhi ya halmashauri husika iwapo eneo limepimwa, na limepangiwa matumizi gani.

(b) Kuhakikisha kuwa eneo halimo katika hifadhi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa kuhesabiwa kuwa zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Huko Kisarawe, mipaka ya msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi imegombaniwa kwa miaka mingi na watu waliolima na kujenga ndani yake.

(c) Ikiwa ni ardhi ya kijiji, kupata idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

(d) Ikiwa kuna hati, kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kujua mmiliki ni nani na kama kiwanja kimewekwa rehani.

(e) Kuandikiana mkataba, na kupata ridhaa ya mke au mume wa muuzaji pale inapohusika.

Izingatiwe pia kwamba kupimwa si kumilikishwa. Ramani huonyesha kiwanja kiko wapi na kina ukubwa gani. Haki ya mwenyewe huthibitishwa na hati. Aliyepimiwa akakaa bila ya kufuatilia hati amefika nusu ya safari.

Wale waliokwisha kujenga nao wasijione wamechelewa. Nyumba iliyo katika eneo lililopimwa na kumilikishwa ni rahisi kuiwekea rehani benki, kuirithisha bila ya mabishano, na kuidai fidia yake iwapo Serikali itaitwaa ardhi kwa manufaa ya umma.

Gharama za upimaji huonekana kubwa siku ya kuzilipa, lakini ni ndogo zikilinganishwa na hasara ya kubomolewa nyumba iliyojengwa kwa kiinua mgongo. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ardhi, daftari hilo ni ramani na hati.