Mashabiki wa Star Trek na Tamthilia Mpya Wanayoidai

Tamthilia ya Star Trek ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na tangu siku hiyo jina hilo limezaa tamthilia nyingine zaidi ya kumi, filamu za sinema 13, mamia ya vitabu, na umma wa watazamaji ambao haujawahi kukubali kukaa kimya. Kila inapotangazwa tamthilia mpya yenye jina hilo, watazamaji hao huanza kuijadili kabla hata mwigizaji wa kwanza hajatajwa, wakieleza nahodha awe mtu wa namna gani, hadithi iwekwe katika karne ipi, na maadui wa zamani warejeshwe au waachwe wapumzike. Kwa asiyewafahamu, mjadala huo huonekana kuwa ugomvi juu ya mambo madogo. Lakini ukisikilizwa kwa makini hudhihirika kwamba madai mengi hurejea kwenye jambo moja, nalo ni muda, yaani nafasi ya kuishi na wahusika hadi mtazamaji aamini kwamba ulimwengu bora anaosimuliwa unawezekana.

Star Trek ni bunilizi ya kisayansi, maana yake ni hadithi inayojengwa juu ya sayansi na teknolojia ambazo binadamu bado hawajazipata. Mwanzilishi wake, Gene Roddenberry, aliyewahi kuwa rubani wa ndege za kivita na baadaye polisi wa Los Angeles, aliiwazia dunia ya karne ya 23 ambamo binadamu wamekwisha kuzishinda vita, njaa na ubaguzi wa rangi, wakaungana na wakazi wa sayari nyingine katika Shirikisho la Sayari. Shirikisho hilo lina kikosi cha vyombo vya anga kiitwacho Starfleet, ambacho hubeba silaha lakini kazi yake ya kwanza ni uchunguzi na diplomasia, na ambacho hufungwa na amri kuu inayokataza kuingilia maisha ya jamii zisizokuwa bado na uwezo wa kusafiri baina ya nyota. Hadithi nyingi zimetoka katika amri hiyo, kwa kuwa kila nahodha hufika mahali ambapo kuitii ni kuwaacha watu waangamie, na kuivunja ni kujifanya mtawala wa watu wasiomchagua.

Mashabiki hawa huzungumza kwa sauti ya wenye mali, na historia inaonyesha kwamba sauti hiyo waliipata kwa jasho lao. Mwaka 1967 ulipokuwa ukielekea ukingoni, zilienea habari kwamba NBC ingeifuta tamthilia hiyo baada ya msimu wake wa pili, na hapo wanandoa Bjo na John Trimble wakaongoza kampeni iliyoijaza ofisi ya kituo hicho barua za malalamiko, hadi mwezi Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia ingeendelea. Msimu wa tatu ulipangiwa saa nne usiku siku ya Ijumaa, wakati ambao vijana wengi hawakuwa nyumbani, na ukawa wa mwisho. Hata hivyo sehemu zote 79 ziliuzwa kwa vituo vya mijini, zikarudiwa mwaka hadi mwaka katika miaka ya 1970, na marudio hayo ndiyo yaliyoifanya Star Trek ipendwe na umma mpana. Mwaka 1976 mashabiki walimwandikia Rais Gerald Ford barua kwa maelfu, na chombo cha kwanza cha majaribio katika mpango mpya wa NASA wa vyombo vya anga vinavyotumika tena, ambacho kilikuwa kiitwe Constitution, kikapewa jina la Enterprise kama chombo cha Nahodha Kirk, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo. Baadaye shabiki kijana, Ronald D. Moore, alitembelea studio akamkabidhi msaidizi mmoja wa Roddenberry andiko lake. Andiko hilo likawa sehemu ya tamthilia nyingine ya Star Trek, The Next Generation, mwaka 1989, naye akaingia katika safu ya waandishi wake. Watu wenye historia ya namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba wao ni watazamaji tu.

Dai linalosikika upesi zaidi ni la uthabiti wa historia. Mashabiki huichukulia mikasa yote iliyowahi kuonyeshwa kuwa kumbukumbu moja inayowabana waandishi wote wanaofuata, kiasi kwamba vita vilivyotajwa mwaka 1967 haviwezi kusahauliwa na mwandishi wa mwaka 2017. Tamthilia ya Discovery, iliyoanza mwaka huo wa 2017, iliwekwa katika kipindi cha miaka kumi hivi kabla ya safari za Kirk, lakini ikawaonyesha Waklingoni, taifa mashuhuri la wapiganaji, wakiwa na sura mpya kabisa, pamoja na mitambo iliyoonekana kuendelea kuliko ile ya zama zinazofuata. Malalamiko yalikuwa makali, na mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2019, waandishi wakakipeleka chombo cha tamthilia hiyo miaka 930 mbele, mahali ambapo hakukuwa na kumbukumbu ya kuwabana. Dai hili lina haki linapohusu matendo na tabia za watu, kwa sababu ulimwengu usiokumbuka yaliyotokea haumfundishi mtu lolote. Lakini linapohusu rangi za kuta na umbo la vitufe halina uzito, kwa maana mandhari ya mwaka 1966 yalitokana na uhaba wa fedha zaidi kuliko maono ya karne ya 23.

Lililo zito zaidi ni dai la tumaini. Tamthilia ya Picard, ilipoanza mwaka 2020, ilionyesha Starfleet ambayo imewatelekeza wakimbizi na Shirikisho lililoingiwa na hofu, na watazamaji wengi wakalalamika kwamba nuru waliyoizoea imezimwa. Malalamiko hayo yakichukuliwa juujuu yataonekana kama ombi la hadithi tamu zisizo na uovu, ilhali sehemu zinazopendwa kuliko zote katika historia ya Star Trek zinazungumzia uovu waziwazi. Mfano ulio bora ni sehemu ya The Next Generation iitwayo The Measure of a Man, iliyorushwa mwaka 1989 na kuandikwa na Melinda Snodgrass, mwandishi aliyewahi kuwa mwanasheria. Katika sehemu hiyo mwanasayansi mmoja anataka kumfungua kipande kwa kipande Data, ofisa ambaye ni mashine yenye umbo la binadamu, ili ajifunze kutengeneza wengine kama yeye. Data anakataa, na Starfleet inadai kwamba hana haki ya kukataa kwa kuwa ni mali yake. Kesi inafunguliwa. Nahodha Picard anamtetea, na msaidizi wake Riker, rafiki wa Data, analazimishwa kusimama upande wa mashtaka, akijua kwamba asipofanya kazi hiyo kwa uaminifu Data atashindwa papo hapo. Kabla ya hoja ya mwisho, Guinan, mhusika aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, anamkumbusha Picard kwamba katika historia wamekuwapo daima viumbe waliotengwa ili wafanye kazi ambazo wengine hawazitaki na watupwe wanapochoka. Na hapo nahodha anaelewa kwamba kinachohukumiwa mahakamani humo ni utumwa.

Hakuna kombora linalofyatuliwa katika sehemu hiyo, wala sayari inayolipuka. Kuna chumba, meza, na watu wenye akili wanaobishana juu ya haki hadi hakimu anaamua kwamba Data ana uhuru wa kujichagulia. Tumaini linalodaiwa na mashabiki ni hilo: wahusika waijue kazi yao, waheshimiane hata wanapopingana, na taasisi inapokosea awepo wa kuizuia kwa hoja. Hata giza hukubaliwa likija kwa njia hiyo. Tamthilia ya Deep Space Nine ilimwonyesha mwaka 1998 Nahodha Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, akitumia udanganyifu kulivuta taifa jirani vitani, na sehemu hiyo inahesabiwa miongoni mwa bora kwa sababu mtazamaji alikuwa ameushuhudia uadilifu wa Sisko kwa misimu mitano na zaidi, akajua gharama ya kuanguka kwake.

Misimu mitano: hapo ndipo suala la muda linapojitokeza wazi. Tamthilia za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na sehemu 26 hivi kila mwaka, hivyo The Next Generation ikafikisha sehemu 178 kwa misimu saba, Deep Space Nine 176, na Voyager 172. Tangu mwaka 2017 Star Trek imehamia kwenye huduma za intaneti, ambako mtazamaji hulipa ada ya kila mwezi, na ambako kila sehemu hugharimiwa fedha nyingi. Kwa sababu hiyo misimu mingi imepungua hadi sehemu kumi hivi, na mara nyingi sehemu hizo zote hubeba mkasa mmoja tu, ambao ili ustahili uzito huo hulazimika kutishia ulimwengu mzima. Mashabiki wanapoomba zirudi sehemu zinazojitegemea, zenye mwanzo na mwisho wake, hawakatai hadithi ndefu; wanachokitaka ni juma ambalo ulimwengu haumo hatarini, ili waone daktari, mhandisi na mpishi wakiishi.

Faida ya juma kama hilo inaonekana kwa Nog, mhusika wa pembeni katika Deep Space Nine, aliyeigizwa na Aron Eisenberg. Anaonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1993 akiwa kijana mwizi asiyejua kusoma, wa jamii ya wachuuzi wanaodharauliwa. Rafiki yake Jake anamfundisha kusoma, baadaye anaomba kuingia chuo cha Starfleet, anakuwa ofisa wa kwanza wa jamii yake, anapoteza mguu vitani, na mwaka 1998 sehemu nzima inatengwa kwa ajili ya huzuni yake ya kuogopa kuishi tena. Hakuna mtayarishaji ambaye angempangia mhusika huyo safari kama hiyo katika msimu wa sehemu kumi, kwa kuwa nafasi yote ingemezwa na nahodha na adui wake.

Kuna pia dai la kuonekana, nalo linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi, aliigiza tangu 1966 kama Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano kutoka Afrika ambaye jina lake lilitokana na neno la Kiswahili uhuru na ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, akazuiwa na Martin Luther King, aliyemweleza uzito wa mwanamke mweusi kuonekana akiwa na cheo na heshima katika siku zijazo. Mwaka 1977 NASA ilimtumia kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Naye Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, alikuwa shabiki aliyekua akimtazama, na mwaka uliofuata akaigiza nafasi ndogo katika The Next Generation. Strange New Worlds, iliyoanza 2022, imemrejesha Uhura akiwa kijana aliyekulia Kenya, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Ni hatua njema, lakini Kenya hiyo hadi sasa hutajwa zaidi kuliko kuonekana, na mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam ana haki ya kudai tamthilia mpya imwonyeshe mji wa Kiafrika wa karne ya 23 ukiwa na watu wake, vyuo vyake na mijadala yake.

Je, studio itii kila dai? Mwaka 1987, The Next Generation ilipoanza, wengi waliapa kwamba hakuna Star Trek bila Kirk na msaidizi wake Spock, na baada ya misimu michache wakampenda Picard. Mwaka 1993 walilalamika kwamba Deep Space Nine imekaa kituoni badala ya kusafiri, na leo wengi wanaitaja kuwa kilele cha kazi hiyo yote. Msimu wa tatu wa Picard, mwaka 2023, uliwakutanisha tena waigizaji wa zamani wa The Next Generation ukashangiliwa mno, na mara moja likazuka ombi la tamthilia ya kuuendeleza. Ombi hilo linaeleweka, lakini watazamaji waliwapenda wazee hao kwa sababu walikaa nao sehemu 178, na mhusika mpya akipewa muda huo atapendwa vilevile. Kwa hiyo Starfleet Academy, iliyoanza Januari 2026 ikiwa na wanafunzi wa karne ya 32, imekwenda upande ulio sahihi kwa kutazama mbele, ingawa nayo imepewa msimu wa kwanza wa sehemu kumi.

Strange New Worlds yenyewe ilizaliwa na dai la mashabiki. Anson Mount alipomwigiza Nahodha Pike katika Discovery mwaka 2019, watazamaji waliomba apewe chombo chake, studio ikakubali Mei 2020, na tamthilia iliyotokana na ombi hilo ikarejesha sehemu zinazojitegemea, uchunguzi wa sayari mpya na furaha ya kufanya kazi pamoja. Kilichokosekana ni muda: misimu yake yote mitano itakuwa na sehemu 46, idadi ambayo Voyager ilihitaji chini ya miaka miwili kuimaliza, na msimu wa tano, ambao ndio wa mwisho, umepangiwa sehemu sita tu.