Kromi na Mchezo wa Duara

Sogeeni, wanangu. Ndizi zikivumbikwa huiva upesi kwa sababu zenyewe hutoa gesi iitwayo ethilini: kaboni mbili na hidrojeni nne. Viwanda huipata ethilini kwa wingi kutokana na mafuta na gesi asilia, kisha huiunga iwe minyororo mirefu ya plastiki.

Ila minyororo mitupu haitoshi. Ukitia kidogo hekseni, yenye kaboni sita, au okteni, yenye nane, plastiki huota matawi mafupi, nayo huwa nyumbufu na haichaniki ovyo. Shida ni kuvipata vipande hivyo. Njia za zamani zilitoa mchanganyiko wa nne, sita, nane, kumi na kuendelea, vyote kwa pamoja, na vingine havikuwa na mnunuzi.

Sasa muingizeni kromi, ambayo ni metali. Mmecheza ukuti ukuti, sivyo? Kromi hushika ethilini mbili, nazo zikashikana: duara la watano, yeye na kaboni nne. Duara hilo limebana, haliachii kwa urahisi. Ethilini ya tatu ikipenya, wanakuwa saba, duara linalegea, na kaboni sita zinachomoka pamoja. Hekseni hiyo! Kromi, mikono mitupu, anaanza tena.

Watafiti wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani waliigundua njia hii ya kupata hekseni katika miaka ya 1960, na wala hawakuwa wakiitafuta. Walikuwa wanatengeneza plastiki. Kiwanda cha kwanza cha kutengeneza hekseni kwa njia hii kilianza Qatar mwaka 2003.

Je, okteni? Hapa ndipo pananipendeza zaidi. Kromi hafanyi kazi peke yake; huvikwa molekuli inayomshikilia, kwa mfano nitrojeni iliyo katikati ya fosforasi mbili. Mwaka 2002, watafiti wa kampuni ya BP waliipachika molekuli hiyo vishikizo vidogo vyenye oksijeni, wakapata hekseni. Mwaka 2004, watafiti wa kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini na wenzao walitumia molekuli ya aina hiyohiyo isiyo na vishikizo hivyo. Ethilini ya nne ikapata nafasi, duara likafika tisa, na okteni ikafikia hadi asilimia 70 ya mazao.

Namna hasa kromi anavyobadilika ndani ya duara, wanakemia wanabishana mpaka leo. Anayependa kemia darasani, kazi ipo.