Nyumba ya Shamba katika Nchi ya Dhahabu

Mtu aliyechoshwa na makelele ya Mwanza au vumbi la mji wa Kahama, akatamani nyumba ya shamba yenye uwanja wa kuanikia mpunga na miembe ya kivuli, aghalabu hutazama bati kama halivuji na kisima kama kina maji, kisha akaulizia bei. Ukuta nao wataka kukaguliwa kwa makini huko Usukumani, kwa sababu udongo mweusi wa mbuga hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, ukaisukasuka misingi mifupi, hata nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa mwaka jana ikafanya nyufa kama gofu. Lakini yaliyo mazito zaidi hayaonekani kwa macho.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imo katika dhamana ya Rais. Anunuaye hupata haki ya kuitumia tu. Kabla ya utemi kufutwa mwaka 1963, mgeni aliyetaka mahali pa kujenga alikwenda kwa mwanangwa, msimamizi wa kijiji chini ya mtemi; leo, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, jambo hilo liko mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa uani baina ya muuzaji na mnunuzi, ijapokuwa ina alama za dole gumba na mashahidi watano, haimfai mgeni kitu mpaka Halmashauri iketi, imridhie, na uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kikao. Aulizie pia kama pana hati ya hakimiliki ya kimila. Na mipaka, ambayo katika nchi ile mara nyingi huonyeshwa kwa safu za minyaa, aizunguke kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote, kwani jirani ndiye aijuaye minyaa iliyopandwa juzi.

Na mke wa muuzaji asisahauliwe. Mume aliye machimboni, aliyeishiwa na fedha za kuendesha duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huweza kuiuza nyumba kwa haraka na kwa bei ya kutamanisha, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Mimi naona ni dhuluma kununua nyumba ambayo mama na watoto wamo ndani na hawana habari, hata kama bei ni rahisi kiasi gani.

Kisha kuna dhahabu yenyewe. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kazi mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wakiendelea kumiminika penye rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, kama Nyarugusu na Mwakitolyo, wauzaji wamezoea kuongeza bei kwa kunong'ona kwamba chini ya shamba pana mwamba wa dhahabu. Msomaji, usiulipie mnong'ono huo. Madini ni mali ya Jamhuri, na leseni ya kuyachimba yaweza kuwa mkononi mwa mtu usiyemjua. Ni kweli kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 humzuia mwenye leseni kuchimba ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa bila ya idhini ya maandishi ya mkaaji wake. Lakini idhini ikizuiliwa pasipo sababu ya haki, sheria hiyo hiyo yaruhusu sharti hilo liondolewe. Tazama pia kama karibu na kisima pana mwalo wa kuoshea dhahabu, maana zebaki inayotumiwa huko ni sumu isiyo na rangi wala ladha katika maji.

Basi kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda kwa Afisa Madini Mkazi ukaulize kama eneo lile limo ndani ya leseni ya mtu.